Maji ya Kuoga ya Osea

Ndoo ya maji ilipoa tena mlangoni jioni ile, na Loisi alikuwa amechoka kuwa mke wa maji yaliyopoa.

Kwao Igamba mambo haya hayana mjadala. Mume akirudi kutoka shambani humkuta mkewe ameshachemsha maji, ameyapoza kwa kipimo anachokijua yeye, ameyapeleka bafuni na sabuni juu ya jiwe. Mwanamke anaweza kunyimwa kitenge, anaweza hata kunyimwa maneno mazuri, lakini maji ya mumewe ni yake. Mama yake Loisi alimfundisha hivyo tangu akiwa msichana, akamwongezea na onyo: mwanamume anayekataa maji ya mkewe ameshayapata kwa mwingine, maana hakuna mtu anayelala na uchafu wake.

"Maji yako yapo," Loisi alisema, sauti ikiwa tamu kwa makusudi.

"Nimeshaoga, Mama Goodness," alijibu Osea, akamnyanyua binti yao juu. Mtoto akaingiza pua shingoni mwa baba yake akacheka.

"Umeoga wapi?"

"Huko huko kazini."

Kazini! Kazi ya Osea ilikuwa kwenye karasha la Edson, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, hapo hapo Saza, machimboni walikohamia kutoka Igamba. Kutwa nzima alilisha mawe makavu kwenye ile ngoma ya chuma, akazoa unga wake na kuujaza kwenye viroba. Maji ya kunywa tu pale yalikuwa ya kugombania. Wenzake walipita jioni weupe kuanzia nywele hadi viatu, kama watu waliodondokea kwenye pipa la sembe, hujui nani ni nani mpaka wasalimie. Osea yeye alirudi anang'aa kama bwana harusi, nguo nyingine mwilini, ananukia sabuni ya ndimu. Na Loisi hakuwahi kununua sabuni ya ndimu maishani mwake.

Ushahidi haukuwa huo tu. Mwanamke mwenye wivu ni mpelelezi asiye na likizo, na Loisi alikuwa ameshakusanya mengi. Osea alikuwa amekonda. Akipanda kile kilima kidogo cha kuja nyumbani, alisimama katikati, mkono kiunoni, anahema. Basi mtu wa miaka thelathini na kitu, aliyekuwa akibeba magunia mawili ya kahawa bila kutweta, nguvu zake anaziacha wapi kama si kitandani kwa mtu? Usiku aligeukia ukutani, na Loisi akimgusa bega alisema amechoka. Alikohoa pia, kikohozi kikavu kisichoisha, lakini Saza nzima inakohoa, hilo Loisi hakulihesabu.

Kisha Tabita, jirani yake, akaja kuazima kinu na kumwaga petroli kwenye moto. "Mimi simo, mama, ila shemeji yangu kamwona baba Goodness pale Mkwajuni, anapanda gari asubuhi na yule mama lishe wa karibu na karasha. Yule Mndali. Gwantwa."

"Walikuwa wanakwenda wapi?"

"Sasa hapo mimi nitajuaje? Lisemwalo lipo."

Loisi alimpa kinu na mchi wake, akaingia ndani, akakaa kitandani akilia kwa hasira. Gwantwa alimjua. Mjane kutoka milima ya Isongole kule Ileje, mwembamba, mrefu, mwenye shingo ambayo hata umaskini haukuweza kuiharibu. Alipika wali na maharage nyuma ya karasha. Mumewe, marehemu Andongwisye, ndiye aliyekuwa akilisha mashine ile ile kabla ya Osea. Yaani mwanamke yule alimzika mlisha mawe mmoja, akachukua anayefuata! Kiti hata hakijapoa.

Siku iliyofuata Loisi alimwacha mtoto kwa Tabita, akajifunga kanga mbili, akaenda kujibanza nyuma ya lundo la mawe karibu na banda la Gwantwa. Mashine ilipozimwa, aliwaona watu weupe wakitawanyika. Mmoja wao, aliyemtambua kwa mwendo wake, hakutawanyika. Alikwenda moja kwa moja kwenye bafu la mabati la Gwantwa, na Gwantwa mwenyewe, bila hata kuulizwa, akamfuata na ndoo mpaka mlangoni. Mkono mweupe ukatoa shati na suruali kwa juu ya bati. Gwantwa akazipokea taratibu, akazizamisha kwenye beseni lililojaa maji, akazikandamiza kwa kijiti.

Maji! Yule mwanamke alikuwa anamwekea mumewe maji! Na nguo anamlowekea! Loisi angewafumania kitandani asingeumia kiasi kile. Alitaka kutoka alipojificha, akageuza, akarudi nyumbani akitembea kama mgonjwa.

Usiku ule hakupiga kelele. Alisema neno moja tu, wakati Osea anakula. "Nimeliona bafu la Gwantwa. Kuanzia kesho unaoga hapa. Nguo zako nafua mimi. Au chukua godoro lako uhamie huko."

Osea aliweka tonge chini. Akafungua mdomo, kikohozi kikamtangulia. Kilipopita, alisema, "Sawa, Mama Goodness." Hakujitetea hata kidogo, na mtu asiyejitetea, Loisi alijiambia, amekiri.

Kwa hiyo Osea akaanza kurudi mweupe kama wenzake. Siku ya kwanza Goodness alimkimbilia, baba akarudi nyuma na kunyoosha mikono. "Usinishike! Subiri kwanza nioge!" Mtoto akalia. Loisi akasonya: kwa hiyo sasa hata mtoto anaadhibiwa kwa sababu ya hawara.

Lakini ushindi ulikuwa mtamu, tusidanganyane. Kila asubuhi Loisi alizitoa zile nguo mlangoni, mahali ambapo kila mpita njia angeona, akazikung'uta kwa nguvu zake zote, pa! pa! pa! kabla ya kuzitia majini, kama alivyokung'uta magunia ya kahawa kwao. Vumbi jeupe lilipanda likamfunika kichwa, likaingia ndani, likatua juu ya vyombo na juu ya kitanda cha mtoto. Alilivuta pua wazi, karibu kwa furaha. Lilikuwa vumbi la mume wake. Tabita akipita alimsalimia, naye Loisi akaongeza mkung'uto mmoja wa ziada, ili habari ifike inakotakiwa kufika.

Habari ilifika, maana asubuhi moja mwanamke mrefu alisimama mbele yake.

"Hodi, Mama Goodness."

Loisi hakuitika. Aliinua suruali ya Osea kwa mikono miwili, akaipiga hewani mbele ya uso wa mgeni. Gwantwa akafanya jambo ambalo hakuna mgeni hulifanya: akamnyang'anya suruali, akaitosa kwenye ndoo ya maji, akaikandamiza chini mpaka mapovu yakaisha.

"Usikung'ute," alisema. Alikuwa anahema kwa kupanda kilima kile kidogo. "Nakuomba. Zitose kwanza majini zikiwa vilevile. Usizikung'ute, na mtoto asiwe karibu."

"Wewe ndiye wa kunifundisha kumfulia mume wangu? Hukutosheka kumwogesha? Wazee hawakukosea, kikulacho ki nguoni mwako!"

"Hawakukosea," alisema Gwantwa. Akataka kuendelea, akashikwa na kikohozi. Loisi alikitambua, kwa kuwa alilala kando ya kikohozi kama hicho kila usiku: kikavu, kirefu, kisichotoa kitu. Mwanamke yule aliinama, akashika ukuta, na shingo yake nzuri ikatoka mishipa. Alipopata pumzi alikaa chini kwenye mavumbi bila kukaribishwa.

"Mimi sijawahi kulisha karasha, mama. Nilikuwa nakung'uta tu. Miaka sita, kila asubuhi, nguo za Andongwisye, hivi hivi kama wewe, na nilikuwa naona fahari hivi hivi. Yeye kifua kilimbana hadi akawa analala amekaa. Tukaambiwa ni TB, akanywa dawa zote, haikuwa TB. Ni hili vumbi la mawe. Likiingia, linakaa, linachora makovu, pumzi inapungua kidogo kidogo. Mimi nilivuta la nguoni tu, na unaniona."

Loisi aliishika ndoo ingawa haikuwa inaanguka.

"Osea alipoanza kukohoa kikohozi kile nilikijua. Nilimpeleka Vwawa hospitali, akapigwa picha ya kifua. Mapafu yameshaanza. Daktari alisema lililoingia halitoki, ila asiongeze, aache kazi. Kuacha hataki. Basi nikamwambia, kama huachi, angalau usiwapelekee vumbi mkeo na mtoto. Oga kwangu. Ndiyo hayo maji yangu unayoyaonea wivu."

Mtu mwingine angemshukuru. Loisi alipaswa kumshukuru, na alijua hivyo hata pale, na kumbe hapo ndipo wivu ulipomshika hasa. Ule wa mwanzo ulikuwa wa bafu na sabuni, wivu wa kawaida, hata Tabita anao. Huu ulikuwa mwingine. Mumewe alikuwa anaumwa, amepigwa picha, ameambiwa maneno mazito na daktari, na aliyekaa pembeni yake kwenye benchi la hospitali, aliyemshika mkono au hakumshika, alikuwa mwanamke huyu. Heri angempa mwili wake, kuliko kumpa ugonjwa wake.

"Alikuambia wewe," alisema. "Mimi mkewe hakuniambia."

"Alikuficha kwa sababu anakupenda."

"Usiniambie wewe sababu za mume wangu. Toka."

Gwantwa aliinuka kwa taratibu, akasema ndaga, asante ya kwao, akashuka kilima.

Jioni Loisi alimwekea Osea maji, akatosa nguo zake zikiwa vilevile, akampeleka mtoto kulala. Ndipo akamkalia mbele. "Nimeambiwa picha ya kifua inasemaje. Nimeambiwa na mtu wa nje."

Osea aliinamisha kichwa. "Ningekuambia, ungeniacha niende kazini?"

"Nisingekuacha."

"Ndiyo maana."

"Mficha maradhi, Osea! Kifo kitakuumbua! Twende kwetu Igamba, tulime."

"Nirudi Igamba na nini mkononi? Niliwaapia kaka zangu sirudi kupalilia kahawa ya baba mpaka niwe na nyumba yangu ya bati. Nitaacha mwezi ujao."

"Mwezi ujao utakuwa hai?"

"Mwezi ujao," alirudia, akageukia ukutani.

Loisi alilia, alinyamaza, alibembeleza, alikataa kupika, alimtumia mchungaji. Osea aliwaitikia wote kwa adabu, asubuhi akaenda kulisha mawe. Loisi alipokwenda mwenyewe kwa Edson, mwenye karasha, kuomba angalau mawe yalowanishwe kabla ya kusagwa, Edson alicheka kwa upole. Mawe mabichi yanagandamana, mama, alisema; na kila mwanamume pale ana akili zake na kitambaa chake cha pua. Mwezi ujao ukafika, ukawa mwezi huu, na Osea akasogeza ahadi yake mbele tena. Sasa alisimama mara mbili kwenye kile kilima.

Hapo Loisi akameza kitu kigumu kuliko mawe ya Edson. Alikwenda kwa Gwantwa.

Alimkuta anachambua mchele. Hakusalimia vizuri. "Andongwisye naye alikuwa anasema mwezi ujao?"

"Mpaka mwezi aliokufa," alijibu Gwantwa. Akamsogezea kigoda. "Hataacha kwa kuombwa, Mama Goodness. Afukuzwe."

"Edson hamfukuzi mtu anayelisha kama Osea. Nikimwambia anaumwa atasema wote wanaumwa."

"Kwa ugonjwa, hamfukuzi. Kwa dhahabu, atamfukuza kabla chai haijapoa." Gwantwa alipepeta ungo, akatupa kijiwe. "Si unajua wanavyoamini pale. Dhahabu ina wivu. Ikisikia ugomvi wa wanawake kwenye mashine, inakimbia, wanasaga wiki nzima wanapata mchanga. Ndiyo maana hata mimi wananitaka nipike nyuma ya lundo, nisipite mbele."

Loisi alianza kuelewa, akaona aibu kuelewa.

"Njoo kesho wakati mashine inanguruma," aliendelea Gwantwa. "Niite mbele yao wote. Nitukane. Sema yote uliyokuwa umeyaweka moyoni, na usinihurumie, maana Edson si mjinga, atajua kama unaigiza."

"Na jina lako? Nani atakula kwako?"

"Jina la mjane wa machimboni, mama, limeshakanyagwa sana. Kifua cha Osea bado kina pumzi." Akarudi kwenye mchele wake. "Ila asijue. Akijua tumepanga, atarudi kazini kwa ubishi tu, unamjua."

Loisi alimjua. Kilichomchoma ni kwamba na huyu alimjua.

Siku ya pili, jua likiwa kali, mashine ikinguruma na wingu jeupe limesimama juu yake, Loisi alipita mbele ya lundo la mawe, mahali ambapo mwanamke haruhusiwi, kanga imefungwa kiunoni. Alikuwa amejiandaa kuigiza. Alipofungua mdomo akakuta hakuna cha kuigiza. Yalitoka yenyewe, ya miezi yote: sabuni ya ndimu, bafu la mabati, gari la Mkwajuni, ndoo zilizopoa. Alimwita Gwantwa mchawi wa waume, mla maiti, mwanamke aliyemzika mmoja na kumrithi mwenzake. Watu weupe waliacha makoleo. Mmoja akazima mashine, na katika ukimya ule tusi la mwisho lilisikika Saza nzima, na lilikuwa baya sana, sitalirudia hapa.

Gwantwa alisimama mlangoni mwa banda lake, mwiko mkononi, akatazama chini kama mwenye kosa.

Osea alikuja anakimbia, akashindwa, akasimama katikati akihema, vumbi likimtiririka na jasho. "Loisi! Umepatwa na nini? Mama huyu hana..."

"Nyamaza!" alipiga kelele Edson, aliyekuwa ametoka ofisini kama mtu aliyeunguzwa. Hakuwa anamtazama Gwantwa wala Loisi. Alitazama ile ngoma ya chuma, uso wake umejaa hofu. "Mbele ya mashine! Mbele ya mzigo wa watu! Osea, vua glovu zangu. Ondoka na wanawake wako. Nisikuone hapa tena wewe, wala karasha lolote la Saza lisikupokee, nitahakikisha!"

Mtu aliyevumilia vumbi kwa miaka na kumzika mfanyakazi hakuweza kuvumilia maneno ya dakika tano. Loisi alishika mkono wa mumewe, akamvuta. Hakugeuka nyuma kumtazama Gwantwa, maana alihisi akigeuka atampigia magoti, au atamrushia jiwe, na hakujua ni lipi.

Waliondoka na lori la mahindi, Goodness akiwa amelala juu ya magunia. Joto la bonde likabaki nyuma na upepo wa baridi wa Mbozi ukaanza kuwapiga usoni. Ndipo Osea akasema, "Umemwaibisha mama wa watu bure. Alinisaidia kama dada."

Loisi alimfunika mtoto vizuri.

Igamba kaka zake Osea walimpokea bila kumkumbusha kiapo. Kule aliyosema daktari yakawa kama alivyosema: lililoingia halikutoka. Osea alipalilia mistari michache akakaa chini, akapalilia mingine. Lakini hakuzidiwa. Msimu wa mvua ukapita, kahawa ikachanua, na aliendelea kusimama mara mbili tu akipanda kutoka mtoni, si mara tatu. Usiku alilala chali, si amekaa.

Wakati wa kuchuma kahawa, mgeni kutoka Saza alileta habari. Banda la Gwantwa lilikosa wateja tangu siku ile. Wanaume waliogopa kukosa dhahabu. Alikuwa ameuza masufuria, amerudi kwao Isongole, na kifua kilikuwa kinambana sana.

Mgeni alipoondoka Osea alibaki uani. "Lile tusi lako ndilo lililomfukuza," alisema. "Nitakwenda Isongole, nimwombe radhi kwa niaba yako."

Neno lilikuwa mdomoni mwa Loisi. Lilikuwa tayari kabisa: yeye ndiye aliyepanga. Alitoa jina lake na riziki yake ili wewe upumue. Sasa hakuna karasha la kurudia, kwa hiyo hapakuwa na ahadi tena ya kulinda. Akamtazama mumewe, akaona uso atakaokuwa nao akishalisikia neno hilo, jinsi atakavyomfikiria yule mwanamke kila atakapovuta pumzi, hadi ya mwisho. Akalimeza.

"Nitakwenda mimi," alisema. "Nitampelekea maharage na sabuni, nikae naye siku chache, nimfulie."

Osea alishangaa. "Wewe? Kwani humwonei wivu tena?"

"Namwonea," alisema Loisi. "Sana. Kuliko zamani." Hapo hakuwa ameongopa hata kidogo. Akachukua ndoo, akaenda kumwekea maji.